Toa Bodi Nje Kwanza: Kwa Yeyote Anayetaka Kutoboa Tundu la Mtandao kwenye Rekoda

Juzi usiku, nikiwa nimeshajilaza, uliingia ujumbe kutoka kwa fundi kamera wa Morogoro. Ananifuatilia tangu nilipoandika habari za kuokoa diski zilizoanza kugonga. Aliandika hivi:

“Shikamoo mzee. Nina DVR ya mteja, tundu la LAN limekufa. Mtoto alijikwaa kwenye kebo, meno ya ndani yakapinda yote. Nataka nichomelee waya kwa ndani nitoe tundu jipya kwa nyuma, pembeni ya feni. Nimeshapima, biti ninayo, kesho asubuhi natoboa. Kuna la kuzingatia?”

DVR ni rekoda inayohifadhi picha za kamera za ulinzi, tundu la LAN ndipo kebo ya mtandao inapoingia, na bodi ni lile bamba la ndani lenye vipuri vyote. Niliinuka nikakaa. Nikamjibu: “Marahaba mwanangu. Toa bodi nje kwanza.”

Akauliza: “Yote mzee? Si nitaifunika na gazeti tu?”

Gazeti! Usingizi ukaisha hapo hapo. Neno hilo lilinirudisha kwenye sebule ya kaka yangu, mjini Northampton, Uingereza, mwanzoni mwa mwaka 2003. Nilimwambia kijana asubiri siku mbili, asiguse kitu. Haya ndiyo majibu yake, na naamini wengi mnaonisoma mna sanduku la chuma mezani mnalolitolea macho, kwa hiyo ni majibu yenu pia.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Baba alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, chuma cha kulehemu, na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Kazi yangu baada ya madrasa ilikuwa kumshikia tochi. Katika miaka yote niliyoshika ile tochi sikuwahi kumwona baba akitengeneza kitu kikiwa ndani ya sanduku lake. Hata redio iwe imekatika waya mmoja wa spika, angefungua skrubu zote, akaitoa bodi, akaitandaza juu ya kanga kuukuu, kisha akaitazama kimya. Wateja walikuwa wakichoka: “Mzee, waya mmoja tu, wafungua yote hiyo?” Naye alikuwa na jibu moja: “Sijaiona bado.”

Kaka yangu hakupenda ufundi. Alipenda mpira. Alitangulia Uingereza, mimi nikafuata mwaka 1998, na kama walivyo wengi wetu Northampton aliishia kufanya kazi za maghala, zamu za mchana na za usiku. Mwaka 2001 alinunua TiVo. Kwa vijana wasioijua: ilikuwa rekoda ya nyumbani, miongoni mwa za mwanzo kabisa kuuzwa kule bila kutumia kanda. Ilirekodi kwenye diski kama ya kompyuta, na kwa ndani iliendeshwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Ile ya Uingereza ilitengenezwa na kampuni ya Thomson na iliingia madukani mwaka 2000. Kila siku ilipiga simu yenyewe kwa modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, ikavuta ratiba ya vipindi vya kama wiki mbili mbele, kisha ikarekodi ulichoiagiza hata kama umelala au uko kazini.

Na kaka alikuwa kazini tarehe 31 Mei 2002, siku ya Ijumaa, Senegal ilipocheza na Ufaransa mjini Seoul katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Kwa saa za Uingereza ilianza mchana, saa sita na nusu. Ufaransa walikuwa mabingwa wa dunia na wa Ulaya. Senegal ndiyo kwanza wanaingia Kombe la Dunia. Dakika ya 30 Papa Bouba Diop akafunga, na wachezaji wakaenda kucheza ngoma kuizunguka jezi yake pale kwenye kona. Moja kwa sifuri, mpaka mwisho. Kaka aliziba masikio ghalani siku nzima asisikie matokeo, akarudi usiku, akakaa mbele ya TiVo peke yake. Shemeji aliniambia aliisikia sauti ya kaka kutoka ghorofani, akadhani kumetokea msiba Tanga. Alikuwa analia kwa furaha.

Mechi ile hakuifuta. Aliweka pia ile ya Sweden, ya tarehe 16 Juni, bao la dhahabu la Henri Camara, lile la muda wa ziada linalomaliza mechi papo hapo. Kila mgeni Mwafrika aliyeingia nyumba ile, awe Mkongo, Msomali au Mganda, kabla ya chai aliwekewa Bouba Diop. Nayasema haya ili mwelewe nilichokishika mkononi siku ile nilipowasha drili.

Mwishoni mwa 2002 modemu ya rekoda ile ilikufa. Bila modemu hakuna ratiba, na bila ratiba rekoda inageuka sanduku la kuhifadhi vya zamani tu. Hapo ndipo nilipojitokeza mimi, mtoto wa fundi. Nilikuwa nimesoma kwamba kwenye bodi kuu ya TiVo kuna ukingo wenye meno ya shaba, na watu walikuwa wamegundua namna ya kuutumia. Andrew Tridgell, Mwaustralia yule aliyeanzisha Samba, programu ya kushirikisha mafaili kati ya kompyuta, alikuwa miongoni mwa wa kwanza, alitengeneza bodi ndogo iliyowezesha kadi ya mtandao ya kompyuta ya kawaida ichomekwe pale. Baadaye ikaja kadi iliyokamilika, TurboNet, unaichomeka kwenye ukingo ule na rekoda inapata mtandao wa nyumbani. Hakuna simu tena. Kwenye menyu, mahali pa kuandika namba za kutangulia simu, unaandika koma, alama ya reli (#) na 401, nayo inaelewa kwamba ipite kwenye kebo ya mtandao badala ya modemu.

Ila sanduku lenyewe halikuwa na tundu la kutolea kebo hiyo. Wengi waliipenyeza kwenye matundu ya hewa ikaning'inia. Mimi sikutaka kebo ya kuning'inia. Nilitaka tundu safi nyuma ya sanduku, kana kwamba limetoka nalo kiwandani. Bado naamini nilitaka kitu kizuri. Kosa langu lilikuwa haraka.

Kaka alikuwa na wageni jioni ile na alitaka wakute rekoda inafanya kazi. “Mdogo wangu, saa kumi na mbili wanafika,” alisema. Saa ilikuwa kumi. Nikafungua kifuniko, nikaona bodi kuu imeshikwa na skrubu kadhaa, na nyaya bapa, na soketi zote za nyuma. Kuitoa ingenichukua nusu saa, kuirudisha nusu saa nyingine. Nikachukua gazeti la jana yake, nikalikunja mara nne, nikafunika bodi, nikabana pembeni kwa tepu. Nikatoboa.

Bati la sanduku lile lilikuwa chuma chembamba, na biti ya kawaida kwenye bati jembamba haitoboi vizuri: inapokaribia kutokea upande wa pili inang'ata, inavuta bati, na tundu linatoka na pembe tatu. Ilipong'ata, sanduku zima lilizunguka mezani na gazeti likahama. Nililirudisha. Nikaendelea. Nikapanua kwa tupa mpaka kiunganishi kikaingia. Kilikaa vizuri sana, na kaka akaja akakitazama akanipiga bega.

Nikatoa gazeti, nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi, nikamulika kwa tochi. Kweupe. Nikafunga.

Iliwaka. Kwa kama dakika kumi ilikuwa inafanya kazi, ratiba inaingia kwa mtandao, wageni wako mlangoni wanavua viatu. Kisha picha ikaganda. Kisha harufu. Kila fundi anaijua harufu ile, huhitaji kuambiwa. Nilichomoa plagi lakini kilichokuwa kimeshatokea kilikuwa kimetokea.

Nilipoifungua kesho yake, nikiwa peke yangu jikoni, nilikikuta. Unywele wa chuma mfupi kuliko punje ya mchele, umejikunja karibu na pini za umeme unaotoka kwenye pawasaplai, kile kifaa cha ndani kinachopunguza umeme wa ukutani. Pale kuna waya wa voti 12 na waya wa voti 5, jirani kabisa. Unywele ule ulikuwa umeungua katikati. Maana yake voti 12 ziliingia kwenye njia ya voti 5, na kila kitu kilichozoea kula voti 5 kilikula 12: bodi kuu, kadi yangu mpya, na bodi ya diski. Diski haikuzunguka tena. Senegal na Ufaransa, Senegal na Sweden, vyote vimekwenda.

Mbele ya wageni, usiku ule, kaka alisema sentensi moja: “Umejifanya baba, wewe si baba.”

Sikumjibu. Nilivaa koti nikaondoka kwa miguu kwenye baridi, na hatukuongea kwa miezi minne. Shemeji alijaribu kutupatanisha mara mbili. Sitaki kuficha kwamba sentensi ile bado inaniuma. Nimeshafanya kazi za watu mamia tangu hapo, na kila ninaposhika drili naisikia. Na alisema kweli, hicho ndicho kinachouma. Baba asingetoboa sanduku lenye bodi ndani. Baba alikuwa hajaiona bado.

Sasa nisikilizeni. Mnaweza kupata vipimo mahali popote. Biti ipi, tundu milimita ngapi, waya gani. Hayo ni rahisi. Ninachowaambia ni kwamba sanduku likishatenganishwa na bodi, linakuwa bati tu, na bati ukiliharibu unanunua bati jingine. Bodi ikiwa ndani, unatoboa mali ya mtu na kumbukumbu zake. Mteja wa kijana wa Morogoro ana nini kwenye DVR ile? Huenda ni picha za mwizi. Huenda ni picha za marehemu mama yake akipita uani. Fundi hajui.

Miezi mitatu baadaye niliipata TiVo nyingine, iliyotumika, kwa pesa zangu. Sikumwambia mtu. Niliifanyia kazi wikiendi tatu, polepole, na ile kazi ndiyo ninayojivunia kuliko zote nilizofanya Ulaya.

Kwanza niliichomoa plagi nikaiacha usiku mzima. Msidharau hili. Pawasaplai ya TiVo ilikuwa wazi, haina kifuniko chake chenyewe ndani, na kwenye nchi za voti 230 kapasita kubwa ya pawasaplai, kipuri kinachohifadhi umeme, huweza kushika voti zaidi ya 300 hata umeme ukiwa umeshachomolewa. DVR nyingi zetu za kamera zina adapta ya nje ya voti 12, hizo ni salama zaidi. Lakini rekoda yenye kebo ya umeme inayoingia moja kwa moja ndani, iogopeni.

Kisha nikatoa bodi. Nikatoa diski, pawasaplai, feni, kila kitu, nikavitandaza juu ya taulo kwa mpangilio, nikapiga picha. Sanduku likabaki tupu kama sufuria. Ndipo nikalitazama vizuri kwa mara ya kwanza, na nikaona kitu kilichonishtua: pale nilipotoboa kwenye rekoda ya kaka, nyuma yake hapakuwa na nafasi ya kutosha. Kiunganishi kilikuwa kinagusa karibu na nyaya za pawasaplai. Hata kama unywele ule usingedondoka, siku moja kingeleta balaa. Sikukijua kwa sababu sikuwa nimeitoa bodi.

Nilichagua sehemu nyingine, mbali na pawasaplai, yenye uwazi kwa nyuma wa kutosha plagi ya kebo na mkunjo wake. Watu husahau mkunjo. Plagi ya mtandao ikishaingia, kebo nayo inahitaji nafasi ya kugeuka, usiikunje kama karatasi. Nikabandika tepu ya wapaka rangi ndani na nje, nikachora juu yake. Nikagonga alama ya katikati kwa msumari mgumu ili biti isiteleze. Nikaweka kipande cha mbao ngumu nyuma ya bati nikavibana pamoja kwenye jiliwa, na hapo bati haliwezi kuvutwa tena. Nikatumia biti ya ngazi, ile yenye umbo la koni inayopanua tundu hatua kwa hatua, kwa mwendo wa chini na tone la mafuta. Tundu likatoka duara kama la kiwandani. Kwa kiunganishi cha mraba nilimalizia pembe kwa tupa ndogo, nikijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Mwisho nikalainisha ukingo pande zote mbili, kwa sababu ukingo wa bati jipya ni wembe, utakula kebo taratibu mpaka siku moja ukutane na shaba.

Kiunganishi nilichagua cha plastiki chenye tundu pande zote mbili. Vya chuma vipo na vinapendeza, lakini huunganisha ngao ya kebo na bati la sanduku, na kwa nyumba ambayo huna uhakika na ethi yake, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, sikutaka njia nyingine ya umeme kupita.

Kisha nikaosha sanduku. Ndiyo, kwa maji na sabuni, sanduku tupu, nikalikausha kwa siku nzima. Chenga za chuma hunasa kwenye mikunjo ya bati na kwenye mafuta uliyotonesha, mashine ya kufyonza haizitoi. Sumaku inasaidia kwa chuma. Kwa alumini haisaidii kitu. Maji yanatoa vyote. Na huwezi kuosha sanduku lenye bodi ndani, nadhani mmeshaona ninakorudi kila mara.

Kazi ya kuweka programu ya kadi ile kwenye diski ilinichukua jioni mbili na ni ya kuchosha, naipita. Ila tahadhari moja: diski ya TiVo ukiichomeka kwenye kompyuta, usiiruhusu kompyuta iwake kwa Windows, kwa sababu Windows inaweza kuandika alama zake mwanzoni mwa diski na rekoda ikakataa kuwaka. Tumia CD ya Linux. Na kadi yenyewe unapoichomeka kwenye ukingo wa bodi, hakikisha imekaa katikati kabisa. Ikisogea jino moja pembeni umeua tena.

Nilimpelekea kaka Jumapili. Sikuingia ndani, nilimkabidhi shemeji mlangoni. Jioni kaka akapiga simu. Hakusema asante wala samahani. Alisema: “Tundu hili umelitoboaje, mbona limetulia hivi?” Nikamweleza kwa saa nzima, na tangu siku ile tukaongea.

Rekoda ile ilifanya kazi miaka mingi. Shemeji alijifunza kupanga vipindi kutoka kwenye kompyuta ya ghorofani kwa programu iliyoitwa TivoWeb, bila kugombea rimoti na mtu. Tarehe 1 Juni 2011 huduma ya ratiba ilipofungwa rasmi Uingereza, watu wa kujitolea waliendesha ratiba yao mbadala, na sisi wenye mtandao ndani ya sanduku tukaendelea. Kaka aliitumia hadi feni ikachoka. Mwezi Novemba 2020 Papa Bouba Diop alipofariki, akiwa na miaka 42, nilimpigia kaka. Tulikaa kimya kwenye simu kwa muda. Mechi ile siku hizi iko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuiona, na nilimwambia hivyo. Akajibu: “Ile yangu ilikuwa yangu.” Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina.

Basi, vijana. Mnanitumia picha za kazi zenu, nyingi ni nzuri, nami nafurahi. Lakini nawaona mkitoboa masanduku na bodi ikiwa ndani, mmeifunika na nailoni, na kitambaa, na kipande cha boksi la kandambili. Mnaniambia, “Mzee, mara zote inakubali.” Inakubali mpaka siku itakapokataa, na siku hiyo haichagui sanduku la nani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nusu saa ya kutoa bodi mnaiona ndefu, mbona miezi minne ya kununiana na ndugu hamuipimi? Mteja akikuhimiza, mwambie arudi kesho. Akikasirika, akasirike. Ndugu akikuambia wageni wanafika saa kumi na mbili, mwambie wageni wale chakula kwanza. Mimi niliogopa kumwambia kaka maneno hayo, na ilinigharimu.

Kwa kijana wa Morogoro nilimwandikia pia mambo mawili ya DVR yake, nayaweka hapa kwa wengine. La kwanza: DVR nyingi za kamera ni za mtandao wa 10/100, yaani kasi ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde, na hizo hutumia nyaya nne tu kati ya nane, zilizo kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6. Kwenye kebo iliyopangwa kwa mpangilio B ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani na kijani. Ukichomelea, usiufungue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo, maana ule msokoto ndio unaozuia kelele za umeme. Usitumie nyaya za spika. La pili ni kubwa zaidi: kati ya tundu la mtandao na bodi lazima kuwe na transfoma ndogo. Inatenganisha umeme wa kebo na wa bodi. Kwenye baadhi ya bodi ni kidude cheusi cha mstatili chenye miguu, kimekaa nyuma ya tundu. Kwenye nyingine imejificha ndani ya tundu lenyewe, na hapo ukilikata tundu umeikata na transfoma, na waya zako hazitapata kitu hata uzichomelee kwa dhahabu. Huwezi kujua ni ipi mpaka utoe bodi nje uitazame pande zote mbili.

Leo alfajiri amenijibu. Ametoa bodi. Ametuma picha tatu, bodi imelazwa juu ya kanga ya buluu yenye maandishi, sijui ni ya mkewe au ya mama yake. Nimezikuza picha nikatafuta nyuma ya tundu. Hakuna kidude cheusi. Miguu ya tundu chini ya bodi ni mingi kuliko minane. Transfoma imo ndani ya tundu.

Kwa hiyo hakuna kutoboa. Tundu jipya pembeni ya feni lisingefanya kazi hata siku moja. Nimemwambia arudishe drili mahali pake, aende kwa mafundi wenzake wanaotunza bodi mbovu, atafute tundu la aina ileile lenye miguu ileile, alitoe kwa kifaa cha hewa moto, alipachike palipokuwa na la zamani. Ameuliza kama amtoze mteja pesa ya kutoboa au ya kubadilisha tundu. Nimemwambia amtoze ya kubadilisha tundu, na ya nusu saa aliyotumia kutoa bodi.